Hereni za Garifalia

Polisi wanaotoa vitambulisho vipya walimrudisha Garifalia Tsoukala mara mbili. Mara ya kwanza walisema picha yake ina kivuli. Mara ya pili askari alitazama kompyuta, akamtazama yeye, akaitazama tena kompyuta, kisha akaandika anwani ya ofisi ya usajili kwenye kipande cha karatasi.

"Nenda huko kwanza, mama, wakutengeneze."

"Wanitengeneze nini? Nimevunjika wapi?"

"Watakwambia wenyewe."

Basi akaenda, asubuhi ya baridi ya mwezi wa pili, hadi ghorofa ya pili juu ya duka la mbegu, na mkoba wake ukiwa umejaa kila karatasi aliyopewa tangu alipoolewa. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Alifanya kazi miaka thelathini na miwili katika ghala la tumbaku, akamzika mume, akamsomesha mwanawe wa pekee mpaka akawa mhandisi, na muda wote huo hakuna aliyemtaka athibitishe kwamba yeye ni yeye.

Karani aliitwa Vaia, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani yenye mkufu na sweta alilolifuma mwenyewe. Alisoma taratibu, kama daktari anayetafuta namna ya kusema jambo.

"Tarehe ya kuzaliwa, ndiyo hiyo. Baba Stergios, sawa. Mama Asimina, sawa. Jinsia, mwanamke. Jina..." Akaishusha miwani. "Hapa hapana jina, mama."

"Garifalia."

"Nakuamini. Lakini hapa pameandikwa 'bila jina'."

Garifalia aliinama juu ya meza mpaka paji la uso likakaribia kioo. Ilikuwa kweli. Baba alikuwepo, mama alikuwepo, kijiji kilikuwepo, na mahali pake yeye palikuwa na maneno mawili ya kumkana.

Ilivyotokea haikuwa siri kubwa. Kule kwao milimani mtoto hakuwa na jina mpaka abatizwe. Kabla ya hapo aliitwa mtoto, basi. Baba yake aliteremka mjini mwezi wa kwanza kununua chumvi na mafuta ya taa, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuteremka, akapita ofisini kuandikisha kwamba amepata binti wa siku tisa. Mwandishi wa wakati huo akaandika alichopaswa kuandika, akamwambia arudi baada ya ubatizo kujaza jina. Binti akabatizwa kabla ya Kwaresima. Baba hakurudi. Kulikuwa na theluji, kisha kondoo wakazaa, kisha mwishoni mwa Aprili ardhi ikatetemeka, kanisa likaanguka na kukizika kitabu cha ubatizo chini ya mawe. Baada ya hapo watu walikuwa na paa za kuezeka, na hakuna aliyekumbuka nafasi iliyobaki wazi katika daftari la mjini.

Shuleni mwalimu alimuuliza jina, naye akajibu. Siku ya harusi padri alimuuliza, akajibu. Kitambulisho cha zamani alikiandika polisi wa kijiji kwa barua ya mkuu wa kijiji, aliyekuwa mjomba wake. Miaka sabini watu walimuuliza jina, naye akawajibu, na ikatosha. Mashine haikumuuliza.

"Sasa mimi ni nani?" alisema.

"Usikasirike, mama. Mko wengi. Wiki iliyopita nilikuwa na bwana mmoja, jenerali mstaafu, hana jina." Vaia akabofya tena. "Ngoja tutafute ushahidi. Una mtoto?"

"Lambros. Yuko Larissa."

"Lambros Tsoukalas," alisoma Vaia, jina la ukoo kwa umbo lake la kiume. "Huyu hapa. Mama yake..." Vaia akacheka kidogo kwa pua. "Mama yake, Garifalia."

"Kumbe! Kwake nina jina, kwangu sina?"

"Hiyo itatusaidia. Nakuchapia ukurasa wake wa familia, tuuambatishe. Mke, Danai. Watoto wawili. Hongera, una wajukuu wazuri, Ioanna na Elli."

Garifalia alikuwa anafunga mkoba. Akaacha.

"Ioanna na nani?"

"Elli. Wa mwaka juzi, Desemba." Vaia aliinua macho, akaona uso uliokuwa mbele yake, na mkono wake ukabaki juu ya karatasi iliyokuwa inatoka katika mashine. "Mama? Nikuletee maji?"

"Yule hajabatizwa," alisema Garifalia. "Ubatizo ni baada ya Pasaka."

"Siku hizi si lazima kungoja. Wazazi wanakuja, wanatia sahihi, jina limeingia. Ubatizo ni wa kanisa, hili ni la serikali." Sauti ya Vaia ilizidi kushuka. "Walikuja miezi saba iliyopita."

Kwa miezi saba, basi, kila Jumapili kwenye simu, Garifalia alikuwa akiuliza, "Hajambo Bebeka?" maana ndivyo wanavyoitwa watoto wa kike wasio na jina. Nao kwa miezi saba walikuwa wakimjibu, "Bebeka hajambo, mama, ameota jino."

*

Jina Garifalia halisikiki sana. Mjini hulisikii kabisa, isipokuwa kwenye matangazo ya vifo yanayobandikwa kwenye nguzo. Ni jina la karafuu, ile ya kutia kwenye biskuti za Krismasi, na ni jina la ua la karafuu vilevile, lile jekundu lenye ukingo uliochanika ambalo wanawake wa milimani hulipanda kwenye kopo la mafuta lililopakwa chokaa. Kule mtu husherehekea siku ya mtakatifu mwenye jina lake, na hili halina mtakatifu. Wenye jina hilo husherehekea siku yao Jumapili ya Matawi, pamoja na majina mengine ya maua na majani, kama watu wasio na nyumba wanaokaribishwa na jirani.

Katika ukoo wao lilikuwa likiruka kizazi. Bibi mzaa baba alikuwa Garifalia, na bibi wa huyo bibi. Mtoto wa kike wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Ndiyo desturi, haijadiliwi, kama mtu asivyojadili mkono gani ushike kijiko. Pamoja na jina zilikwenda hereni: vipande viwili vidogo vya dhahabu ya zamani, vya umbo la ua hilo, vizito kuliko vinavyoonekana. Garifalia alivishwa na bibi yake akiwa na miaka sita, na bibi akamwambia, "Si zako. Unazitunzia yule ajaye."

Alizivaa mpaka siku aliyojifungua Lambros. Siku hiyo alizivua, akazikunja katika kitambaa, akaziweka kwenye bati la chai, zimngoje yule ajaye.

Jina lenyewe alilipigania. Shuleni wavulana walimfuata njiani wakishika mashavu na kulia, "Karafuu, karafuu, jino linaniuma!" mpaka siku alipomzungushia mmoja wao begi la vitabu mdomoni na kumuuliza, "Na sasa?" Ghalani msimamizi alisema jina refu linapoteza muda, akaamua kumwita Lia. Kwa wiki tatu msimamizi aliita Lia, na Garifalia akaendelea kupanga majani ya tumbaku kana kwamba nje kuna paka analia. Wiki ya nne aliitwa kwa jina lake lote. Na Apostolos, aliyekuja kuwa mumewe, alifika kwa baba yake kuposa akiwa na ua jekundu la karafuu nyuma ya sikio, mwanaume mzima mwenye masharubu. Baba yake alisema, "Huyu ama ni mjinga ama anampenda," na mama akajibu, "Kwa kawaida ni vyote viwili."

Halafu Lambros akaoa Danai, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana wa Larissa mwenye maneno machache. Wakapata binti. Mama yake Danai wakati huo alikuwa kitandani na saratani, amebakisha miezi, na jina lake lilikuwa Ioanna. Lambros alipanda kijijini peke yake, akakaa jikoni akizungusha kikombe cha kahawa bila kunywa.

"Sema," Garifalia alimwambia.

Akasema. Garifalia hakuchukua muda. "Mpeni jina la mama yake. Amsikie mjukuu akiitwa kabla hajafumba macho. Langu litangoja wa pili."

"Wa pili ni wako, mama. Nakuapia."

Ahadi hiyo aliishi nayo miaka tisa. Hakuisema mbele ya watu ila mara moja, kwa wifi yake Evanthia, dada wa marehemu Apostolos, na kumwambia Evanthia jambo ni sawa na kulipigia kengele.

*

Siku ile ya ofisini hakupanda basi la kurudi mpaka alipompigia mwanawe simu. Alisimama nje ya duka la mbegu, kati ya magunia ya mahindi na mbolea.

"Elli hajambo?" alisema.

"Mama, nani amekwambia?"

"Serikali imeniambia. Serikali inanijulisha habari za nyumba yangu. Wewe unaniambia habari za meno."

"Tulikuwa tunasubiri wakati mzuri."

"Upi huo? Nikiwa nimeshazikwa?"

"Mama, usianze. Danai alikuwa na sababu zake. Na ni jina zuri, fupi, popote duniani mtoto atakakokwenda watalitamka."

"Nimeuliza kama zuri? Hata Lia ni fupi." Akavuta pumzi. "Uliniapia, Lambros. Mezani kwangu. Kahawa ikapoa mbele yako."

"Najua."

"Ungesema hapana siku ile, ningelia siku mbili, nikaendelea na maisha. Miezi saba mmeniacha namwita mtoto Bebeka kama punguani."

"Mama..."

"Na kitu kingine. Sina jina."

"Nini?"

"Muulize mkeo akueleze. Nyinyi ndio wataalamu wa ofisi ile." Akakata simu, na mara moja akajuta kukata, maana alikuwa bado na mengi.

*

Utaratibu ulikuwa huu. Mwombaji aandike maombi kwa mkono wake. Alete mashahidi wawili waliomjua miaka mingi, mmoja awe wa familia lakini si mtoto wa kuzaa. Karatasi ziende kwa hakimu zigongwe muhuri, zirudi. Garifalia alikwenda mjini mara nne. Mara ya kwanza fomu zilikuwa zimekwisha. Mara ya pili Vaia alikuwa likizo, na kijana aliyeshika nafasi yake alimtaka alete cheti cha ubatizo. Alipoelezwa kwamba cheti kiko chini ya mawe ya tetemeko la ardhi, akauliza kama anaweza kuleta nakala. Mara ya tatu mtandao ulikatika na wote wakaketi kutazama dirisha. Huku nyuma kitambulisho cha zamani kilikuwa kinakaribia mwisho wa muda wake, na benki ilikuwa imemtumia barua. Barua ilianza, "Mpendwa Garifalia". Aliisoma kwa sauti peke yake jikoni, kwa hasira.

Evanthia alifuatana naye safari zote, maana alikuwa shahidi wa kwanza, na pia kwa sababu asingekubali kukosa.

"Hebu fikiri, wifi," alisema kwenye basi. "Huna jina! Ni kama kuanza upya. Chukua zuri. Jiite Brigita."

"Nyamaza."

"Au Marina. Marina Tsoukala, mjane, anatafuta mwenzi mwenye trekta."

"Evanthia, watu wanasikia."

"Wasikie. Hawajui wanamsikia nani."

Jumapili ya Matawi ikafika, siku ya jina lake, ambayo kila mwaka nyumba hujaa. Majirani huja na keki kwenye masanduku yaliyofungwa kamba, naye hukaanga samaki, maana ni mojawapo ya siku mbili tu za Kwaresima hiyo ndefu ambazo kanisa linawaruhusu kumla. Mwaka huo aliwafungulia mlango nusu. "Njooni nikiwa na jina," alisema. "Kwa sasa hapa hakuna anayesherehekea." Walidhani ni utani, wakacheka, wakamwachia keki kizingitini. Samaki alikula Evanthia.

Jioni ile alitoa bati la chai, akafungua kitambaa. Hereni zilikuwa zimefifia kidogo. Alizisugua kwa unga wa magadi mpaka zikang'aa, kisha akabaki nazo kiganjani, hajui anazing'arishia nani. Elli hangezichukua, zilikuwa za jina, si za mtoto. Ioanna vivyo hivyo. Zikirudi batini, atakayelifungua bati hilo siku moja ni mtu wa kusafisha nyumba baada ya maziko.

Kesho yake alimpigia Danai, si Lambros.

"Nahitaji shahidi wa pili. Nataka wewe."

Katika miaka kumi ya ndoa Danai hakuwahi kumwita mama mkwe wake kwa jina lolote. Alisema "wewe", au "samahani", au alingoja mpaka watazamane ndipo aseme. Wakati mwingine, mbele ya wageni, alisema "mama", kwa sauti ya mtu anayeazima kitu.

"Hakuna mtu mwingine?" aliuliza Danai.

"Wapo. Nimekuchagua wewe."

*

Danai alifika siku ya Jumatano, katikati ya wiki ya Pasaka, amevaa koti la kazini, funguo za gari mkononi. Wanawake watatu walikaa mbele ya Vaia. Fomu ya Garifalia ilikuwa juu. Ilikuwa na kisanduku kimoja cha jina linaloombwa, na chini yake kisanduku kikubwa zaidi, mistari sita, cha sababu.

"Sheria inakupa uhuru, mama," alisema Vaia. "Lazima nikwambie. Kwa kuwa nafasi iko tupu, unaweza kuomba jina lolote. Hulazimiki kufuata la bibi yako wala la nani."

"Nimemwambia Brigita," alisema Evanthia.

Garifalia alishika kalamu. Lilikuwa jambo geni, na halikumpendeza wala halikumuudhi. Lilimfanya akae wima. Maisha yake yote jina lilikuwa kitu alichokabidhiwa akitunze. Si zako, bibi alisema. Hakuna siku mtu alimuuliza kama analitaka. Akaandika Garifalia, kwa herufi kubwa, bila kuharakisha. Kwenye mistari sita ya sababu aliandika neno moja tu, "Langu," akarudisha kalamu.

Vaia alisoma, akakohoa. "Wengi huandika barua nzima."

"Wengi wana muda."

Evanthia alitoa ushahidi wake kwa dakika ishirini, ukiwemo wa begi la vitabu na jino la yule mvulana, mpaka akaambiwa inatosha. Kisha Vaia akamgeukia Danai.

"Wewe, bibie, ni mke wa mwanawe. Unamfahamu mwombaji tangu lini?"

"Miaka kumi na mmoja."

"Unamfahamu kwa jina gani?"

Danai alifungua mdomo. "Mama," alisema.

"'Mama' si jina."

"Najua." Alitazama funguo zake. Chini barabarani gari la muuza vitunguu lilipita likitangaza bei kwa kipaza sauti, likaenda, likageuka kona. "Garifalia," alisema Danai.

"Liandike hapa, kwa mkono wako, na utie sahihi."

Aliliandika. Garifalia aliutazama mkono ukiandika, herufi kwa herufi, na akaona kwamba Danai ana mwandiko mzuri.

Evanthia akabaki ndani kumuuliza Vaia jinsi alivyolifuma sweta lake. Kwenye ngazi Danai alisimama kabla ya kufika chini.

"Nitakwambia, kwa sababu nilipaswa kukwambia," alisema. "Baba yangu alikuwa na dada, alikufa na miaka sita, alitumbukia kisimani. Aliitwa Danai. Kila siku ya jina langu walilia. Keki yangu mezani, mimi nimevaa gauni jipya, na wao wanalia. Niliapa sitamwita mwanangu jina la mtu mwingine."

"Ioanna ulimwita."

"Ndiyo. Mama alikuwa anakufa, nikashindwa. Na sasa nikimwita mtoto aje kula, kuna siku nadhani namwita mama. Hili la pili sikuweza."

Garifalia alishika kishikio cha ngazi. Hadithi hiyo hakuwahi kuisikia. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi pia kuiuliza. Hilo nalo lilimkera.

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Alifikiri, kwa haki. "Hapana."

"Basi."

"Basi nini? Ningekataa, tungegombana, ningekasirika kwa jambo la kweli. Badala yake mmenipa meno ya mtoto." Akaanza kuteremka. "Na mimi sikufa kisimani, Danai. Niko hai. Jina langu lisingemlilia mtu."

Danai alimpeleka mpaka kituo cha basi, akangoja naye, ingawa alikuwa amechelewa kazini.

*

Muhuri wa hakimu ulirudi baada ya wiki tatu. Kitambulisho kilitoka Ijumaa, siku mbili kabla ya ubatizo, kadi ngumu ndogo yenye picha isiyo na kivuli. Askari ni yule yule.

"Wamekutengeneza, mama?"

"Nilikuwa mzima," alisema Garifalia. "Ni nyinyi mliovunjika."

Jumapili asubuhi alisimama mbele ya kioo chumbani na tone la mafuta ya zeituni kwenye kidole. Ndewe zilikuwa zimeanza kuziba. Miaka arobaini na mitano hazikupitishwa kitu. Ya kulia ilikubali. Ya kushoto ilikataa, akaisukuma, ikakataa, akauma meno akaisukuma tena mpaka ikapita na machozi yakamlengalenga. Alivaa koti lake la bluu, akafunga mlango.

Kanisa la Larissa ni kubwa, lakini wanawake wa kijijini walikuwa wamekuja kwa basi zima, wakasimama pamoja upande wa kushoto wakinong'ona. Walijua habari; Evanthia alikuwa amehakikisha. Wakati ulipofika, mama wa ubatizo, rafiki wa Danai, alisogea kwenye beseni kubwa la maji akiwa amempakata mtoto aliyevuliwa nguo, anayepiga kelele, na padri akauliza jina.

"Elli," alisema mama wa ubatizo.

Vichwa vyote vya upande wa kushoto viligeuka. Ndivyo inavyofanyika. Jina likitajwa, watu humtazama bibi. Kama ni lake husogea mbele, hubusu mkono wa mama wa ubatizo, humtundikia mtoto dhahabu. Kama si lake, humtazama vilevile, waone anavyostahimili.

Walichoona ni hereni. Wazee wawili waliozikumbuka kwenye masikio ya bibi yake walishikana mikono. Danai naye aligeuka, na macho yake yalisimama hapo muda mrefu kuliko ilivyofaa katikati ya sala. Lambros alitazama viatu vyake.

Garifalia alimtazama mtoto akizamishwa mara moja, mara mbili, mara tatu, akitoka kila mara na hasira mpya. Alipenda hasira ile. Baada ya ibada alisubiri zamu yake kama mgeni yeyote, akambusu mjukuu kwenye nywele zilizonata mafuta, akasema maneno yanayosemwa, "Aishi, alifurahie jina lake," na aliyasema bila kupunguza hata moja.

Nje, kwenye ngazi, Danai alikuwa akigawa lozi zilizopakwa sukari, zimefungwa kwenye vitambaa. Alimfikia, akanyoosha kifurushi, akasita.

"Hiki ni chako, Garifalia," alisema, mbele ya watu.

Garifalia akakipokea. Hakutabasamu, jambo moja dogo lililofanywa sawa halikufuta miezi saba, naye hakuwa na nia ya kujifanya limefuta. Alikitia mkobani, karibu na kadi.

"Wifi," alinong'ona Evanthia, akimvuta kiwiko. "Sikio linatoa damu. La kushoto. Vua, utachafua koti."

Garifalia aligusa ndewe, akatazama kidole chake, akakifuta kwenye leso.

"Liache," alisema. "Litazoea."